Kuku wa Arobaini ya Mama

Jumapili, 1 Juni 1975

Leo Mama amenikabidhi kuku wake. Ni kumi na mmoja: jogoo, makoo wanne, na matembe sita ambao hawajaanza kutaga. Aliwahesabu mara mbili wakidonoa pumba, kisha akaniambia nikae karibu naye.

"Hawa si wa mgeni wala si wa sikukuu, Somoe. Ni wa arobaini yangu. Mimi siwezi tena kuinama."

Mama atajifungua mwezi wa nane. Baada yangu amezaa mara mbili, na watoto wote wawili hawakukaa. Mara ya mwisho damu ilimtoka mpaka godoro likatupwa. Nyanya ndiye aliyemrudisha, leo mchuzi wa kuku, kesho uji wa pilipili manga, mpaka siku arobaini zikatimia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kazi yangu ilikuwa kuchota maji, na bado nakumbuka midomo ya Mama ilivyokuwa myeupe. Nyanya hayupo tena. Kuku wapo.

Ninaandika kwenye daftari la hesabu lililobaki na kurasa nyingi. Nilimaliza darasa la saba mwaka jana na jina langu halikutoka. Mwalimu alituambia tusiache kuandika, la sivyo mkono utasahau. Kwa hiyo kila jioni nakaa mlangoni penye mwanga.

Jumatano, 4 Juni

Mkutano wa nyumba kumi. Balozi wetu, Mzee Thabiti, macho yake hayaoni maandishi madogo, akanipa karatasi ya bwana afya niisome mbele ya watu. Nilitaka ardhi initwae. Nilisoma nikiwa nimeangalia chini mpaka mwisho.

Karatasi ilisema mifugo ya aina yoyote isilale ndani ya nyumba wanamolala watu. Kila nyumba ijenge banda, hatua ishirini kutoka mlangoni, na bwana afya atapita kukagua.

"Hebu rudia hapo kwenye hatua ishirini," akasema Bi Mwanakombo, mkunga, nyumba ya pili kutoka kwetu. "Hatua za nani? Za Mzee Thabiti na mguu wake ule, au za mtu mzima?"

Watu walicheka. Mimi sikujua kama nicheke au nirudie. Nikarudia. Mzee Thabiti akauliza, "Mmesikia?" Wote wakajibu, "Tumesikia."

Jumamosi, 7 Juni

Banda limekwisha. Nimehesabu hatua ishirini kamili. Baba aliniachia fito kabla ya kurudi Kilambo, ambako wanaume wanafyeka shamba jipya la kijiji.

Jumapili, 8 Juni

Upepo wa kusi umeanza.

Jumatano, 11 Juni

Tembe mmoja amekufa. Nilimkuta asubuhi amejikunyata pembeni, mgumu kama gunzi. Kule kwetu upande wa Msimbati, kabla ya kuhamishiwa kijiji hiki, kuku walilala juu ya mikorosho iliyosongamana, na kipupwe kikizidi waliingizwa jikoni. Hapa nyumba zimepangwa mstari mmoja kandokando ya barabara na miti yote imekatwa ili mstari unyooke. Upepo unatoka baharini na kitu cha kwanza unachokutana nacho ni banda langu.

Mama aliuliza, "Kuku wameamkaje?"

Nikasema, "Wazima wote, mama."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani ni kwa sababu alikuwa anakula, na siku hizi hali chakula vizuri.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefunga makuti upande wa kusini. Wazima wote kumi.

Jumatatu, 16 Juni

Manyunyu usiku kucha. Kuku wanakoroma wanapopumua na pua zao zimeziba kamasi. Nimewafuta kwa kitambaa mmoja mmoja.

Alhamisi, 19 Juni

Wawili. Koo mweusi na tembe. Wamekufa kibudu, hawaliwi, nimewazika nyuma ya choo. Mama aliuliza. Nikasema wazima.

Jumapili, 22 Juni

Nimezunguka nyumba zote kumi nikijifanya natafuta kuni. Nilitaka kuona mabanda ya wenzetu. Kila nyumba ina banda, lakini yamejengwa vibaya kuliko langu. La Bi Mwanakombo unapitisha mkono popote unapotaka. La Mzee Thabiti halina hata mlango. Na kuku wao wanachakura barabarani, wanene, manyoya yamelala vizuri, wanafukuzana.

Nilisimama kwa Bi Mwanakombo muda mrefu kabla ya sauti kutoka.

"Shikamoo bibi. Kuku wenu mnawafanyaje na baridi hii?"

Aliangalia daftari langu, nililokuwa nimelibana kwapani. "Mungu tu, mwanangu," akasema. "Sisi tunamwachia Mungu. Wewe msomi ndiye wa kutufundisha."

Akarudi kutwanga. Mwanamke huyu ana roho ya jiwe. Anamwona Mama anavyopita akijishikilia ukutani, na hawezi kutoa neno moja la msaada.

Jumatano, 25 Juni

Watu wanasema ng'ambo ya Ruvuma leo wamepata uhuru wao, na kule Kilambo ngoma zinasikika tangu jana. Hapa ni upepo tu. Wazima wote wanane.

Alhamisi, 3 Julai

Koo mwingine. Wamebaki saba.

Usiku huu Mama alisema, "Kama baridi ni kali, waingize ndani. Watalala pembeni mwa kitanda changu. Mimi harufu yao hainisumbui."

"Mama, mimi ndiye niliyesoma lile tangazo. Watu watasema nini?"

"Watasema nini?" akaniuliza, kana kwamba alitaka kujua kweli. Akageukia ukutani. "Basi kama wazima, waache hukohuko."

Ijumaa, 4 Julai

Baba amekuja kwa siku moja. Amekonda. Alihesabu kuku akaniangalia. Nilimwambia Mama hajui.

"Nyumba nyingine kuku wanalala wapi?"

"Mabandani, baba. Kama tangazo linavyosema."

Akasema, "Waulize."

Nikasema nimeuliza. Akakandika udongo ukutani mwa banda mpaka jua likazama, kisha akanawa mikono. Kesho anarudi Kilambo. Alipomaliza kula aliniambia nisimwache Mama peke yake hata kwa kwenda kisimani; nimwombe mtu. Sijui nimwombe nani.

Jumanne, 8 Julai

Baridi.

Jumamosi, 12 Julai

Jogoo. Nilimkuta bado anapumua nikakimbia kwa Mzee Thabiti aje amchinje, ili angalau awe halali na tupate kitoweo. Nilifika uani kwake nikasimama. Alikuwa na wageni wawili wa ofisi ya kijiji, wameketi wakizungumza. Nilishindwa kukatiza maneno ya watu wazima. Nilisimama mpaka wakaniuliza nataka nini, nikasema nimekuja kumsalimu. Niliporudi alikuwa amekwisha kufa.

Nimeandika hili ili nisilisahau.

Jumamosi, 19 Julai

Nimefikiria moto. Mtoto mchanga huwekewa moto chumbani, basi kwa nini si kuku? Baba amekandika udongo vizuri, joto halitatoka. Shida ni kuni. Kule kwetu tungechoma makumbi, lakini minazi tumeiacha hukohuko. Karibu na kisima kuna lundo la maganda ya korosho zilizokaangwa na kubanguliwa. Najua moshi wa maganda mabichi ni mkali, unachubua hata ngozi. Lakini haya yamekwisha kupitia motoni, mafuta yake yameungua.

Nimejaza chungu. Nimekiweka katikati ya banda yalipoanza kuwa makaa. Nimewaona kuku wanasogea karibu. Ni mara ya kwanza mwezi huu kuona wamekunjua mabawa.

Jumapili, 20 Julai

Si kweli kwamba mafuta yalikuwa yameungua yote.

Wanne walikuwa chini, midomo wazi, macho yamefura na kufumba. Makoo wawili waliobaki walikuwa wamesukuma vichwa kwenye ufa chini ya mlango, mahali pekee ambapo Baba hakukandika. Nilipofungua, moshi ulionipiga ulikuwa ule ule wa maganda mabichi. Nilitapika.

Matembe wote wanne wamekwisha. Walikuwa wameanza kutafuta viota. Si baridi iliyowaua, ni mimi, kwa mikono yangu, baada ya kufunga mlango na kuuegemezea jiwe ili joto lisitoke.

Nimechimba shimo moja. Nilipoingia ndani macho yangu yalikuwa mekundu na Mama akauliza kwa nini. Nikasema nilikuwa napuliza moto. Akauliza kuku wameamkaje.

Nikasema wazima wote.

Jumatatu, 21 Julai

Nimesugua chungu, harufu ya maganda haijatoka.

Jumanne, 22 Julai

Bwana afya amekuja kukagua. Alipita nyumba zote akiwa na Mzee Thabiti, akaja kwetu akapima hatua kwa miguu yake mwenyewe. Ishirini kamili. Akaingiza kichwa bandani, akagonga udongo kwa kalamu, akasema mbele ya watu wote kwamba hili ndilo banda la mfano. Akaandika jina langu kwenye kitabu chake.

Kuku wawili walikuwa wamesimama mle ndani wanatetemeka. Hakuuliza kwa nini banda kubwa hivyo lina kuku wawili.

Wanawake waliniangalia. Bi Mwanakombo alisema, "Hongera, mwalimu," kisha wote wakaondoka pamoja, nami nikabaki peke yangu karibu na banda.

Jumapili, 27 Julai

Mama miguu imevimba. Ukibonyeza kidole shimo linabaki. Zahanati wanasema hana damu ya kutosha, ale nyama, ale mboga. Tunakula muhogo na kisamvu, na kisamvu kimekuwa kigumu.

Ijumaa, 1 Agosti

Mmoja amekufa. Amebaki koo mwekundu peke yake.

Usiku nilikaa naye bandani, nimemfunika kwa kanga yangu, mgongo wangu ukiwa kwenye ufa wa mlango. Alikuwa mwepesi sana. Nilikuwa nahesabu: kuku mmoja, siku arobaini. Nikihesabu namna yoyote inakuwa ni kuku mmoja, siku arobaini.

Jumanne, 5 Agosti

Yuko hai. Upepo haujapungua.

Ijumaa, 8 Agosti

Uchungu ulimwanza Mama jana alasiri. Nilikwenda kwa Bi Mwanakombo na hakuniuliza kitu, alichukua kanga zake akaja. Alimkanda, alimwimbia, alimtukana taratibu ili asilale. Karibu na alfajiri mtoto alizaliwa. Ni wa kike, mdogo, lakini analia. Kisha damu.

Bi Mwanakombo aliniambia nisiangalie. Niliangalia. Alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda anabonyeza tumbo la Mama kwa ngumi mbili, na midomo ya Mama ilikuwa ile myeupe niliyoijua. Ilichukua muda. Damu ilipopungua alisema bila kunigeukia, "Mchuzi. Sasa hivi, sio baadaye. Kachinjishe kuku."

Wanaume wote wako Kilambo isipokuwa Mzee Thabiti. Nilimkumbuka jogoo. Nilimshika koo mwekundu kifuani nikakimbia, na nilipofika sikusimama uani, nilisukuma mlango.

Mzee Thabiti alikuwa anatoka kuswali. Nyuma yake, kutoka chumba anacholala, walitoka kuku. Mmoja, watatu, tisa, na koo mwenye vifaranga, wakapita katikati ya miguu yake wakanyoosha mabawa kizingitini. Kwenye pembe ya chumba kulikuwa na kitanda cha kamba kilichowekewa majani makavu chini yake.

Alinitazama. Alitazama kuku. "Umewaona?"

"Mama anakufa, baba. Nichinjie."

Alichukua kisu, akamwelekeza kuku kibla, akasoma bismillahi.

Mama amekunywa vijiko sita.

Jumamosi, 9 Agosti

Sasa nimejua. Leo alfajiri nilikaa mlangoni nikaangalia mstari mzima wa nyumba. Kila mlango ulipofunguliwa kuku walitoka kwanza. Nyumba zote. Mabanda yote ni matupu, yamejengwa kwa ajili ya bwana afya. Nilikuwa naamka nikikimbilia banda langu, sijawahi hata siku moja kuangalia milango.

Bi Mwanakombo alipokuja kumwangalia Mama nilimuuliza nje, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

"Kwa nini hamkuniambia? Kuku kumi wamekufa."

"Tungekuambiaje?" akasema. "Wewe ndiye uliyesoma tangazo. Kila jioni unakaa mlangoni na daftari lako, unaangalia nyumba hii, unaandika, unaangalia nyumba ile, unaandika. Tukasema wewe mtoto wa Issa umepewa kazi na ofisi. Bwana afya akaja akaandika jina lako kwa furaha. Watu wafikirieje?"

"Nilikuwa naandika kuku."

"Ndiyo unavyosema."

"Kweli, bibi. Na siku zenyewe. Upepo."

Alinitazama kama anatazama kidonda kabla ya kukigusa. "Mimi sijui kusoma," akasema. "Sisi wanawake wa hapa hakuna anayejua. Hilo ndilo linalotutisha."

Jumapili, 10 Agosti

Nimechemsha mifupa mara ya pili. Maji yametoka na rangi kidogo. Mama ana joto. Mtoto ananyonya, analia, maziwa hayatoshi.

Mchana nilikwenda kwa Bi Mwanakombo nikasema sentensi niliyokuwa nimeipanga tangu asubuhi: "Naomba kuku mmoja kwa ajili ya Mama, nitamrudisha siku yoyote Mungu akinijalia."

"Kutoa nitatoa," akasema. "Mmoja. Lakini mmoja si arobaini. Hawa wengine hawatatoa, maana kuku akitoka nyumbani mwao itabidi waseme alilala wapi, na wanaamini utaandika." Alifikiri. "Ulisoma lile tangazo kwa sauti mbele ya watu. Kasome na hilo daftari vivyo hivyo. Kesho, uani kwenu."

"Lote?"

"Lote."

Nitalala na daftari chini ya kichwa. Nimesoma tena ule ukurasa wa tarehe ishirini na mbili Juni. Nilifikiria kuuchana.

Jumatatu, 11 Agosti

Walikuja wanawake kumi na wawili. Wengine walikaa, wengine walisimama karibu na barabara ili waweze kuondoka. Nilisoma kuanzia mwanzo. Nilipofika kwenye roho ya jiwe nilinyamaza, na Bi Mwanakombo akasema, "Usiruke." Nikasoma. Mmoja akacheka, akaziba mdomo kwa kanga.

"Mwacheni," akasema Bi Mwanakombo. "Hajakosea sana."

Hakuna aliyecheka tena. Nilisoma jogoo. Nilisoma chungu na jiwe la mlangoni. Niliposoma kila mahali nilipomwambia Mama wazima wote, nilikumbuka kwamba Mama yumo ndani na ukuta wetu ni wa fito. Sikuweza kuacha katikati. Nilisoma mpaka jana.

Kisha mmoja mmoja waliinuka wakaenda, bila kuniaga.

Niliingia ndani. Mama alikuwa macho.

"Umesikia, mama?"

"Nilijua tangu mwezi wa sita," akasema kwa sauti ndogo. "Mfuko wa pumba haukuwa unapungua. Nilidhani ukinidanganya ndiyo unapata nguvu ya kuamka tena. Ningekuuliza vizuri. Na mimi niliogopa jibu."

Nililala chini kando ya kitanda chake, na mkono wake uliokuwa moto ulikuwa juu ya kichwa changu.

Jumanne, 12 Agosti

Alfajiri kulikuwa na kuku wawili mlangoni, wamefungwa miguu kwa ukambaa. Sikuona aliyewaleta. Saa mbili Mzee Thabiti akaja na wa tatu kwapani na kisu mkononi.

"Huyu naye andika," akasema. "Andika alilala chumbani kwa balozi. Akija bwana afya nitamwambia mwenyewe kule bandani ni baridi."

Mchana wakaja wengine. Nimewalaza ndani, pembeni mwa kitanda cha Mama, juu ya majani makavu. Bi Mwanakombo amepika, akamshikia Mama kichwa, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Mama alimeza. Macho yake yalikuwa mbali. Bi Mwanakombo alinitoa nje akaniambia nisidhani mchuzi ni dawa ya kila kitu. Damu yake ni chache mno. Tungoje.

Jumatano, 13 Agosti

Joto bado. Amekunywa nusu bakuli. Hajamtaja mtoto.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo niliingia na bakuli nikamkuta Mama ameketi. Hakuna aliyemwinua. Alikuwa ameegemea ukuta, amemweka mtoto mapajani, anamtazama vidole kimoja kimoja.

Nilimpa mchuzi. Akaonja, akakunja uso, akanirudishia bakuli.

"Somoe, nani kapika hiki? Kimepoa, na hakina chumvi hata chembe."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba mpaka machozi yalipoisha. Chumvi hatukuwa nayo. Nikafuta uso, nikaingia nyumba ya kwanza niliyoikuta kuomba.